Kumuuzulu Wakili Baada ya Rufaa: Mamlaka Hukoma, Haki Haikomi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa milango ya fiqhi ambayo wanafunzi wetu huipita mbio mbio ni mlango wa wakala. Mwanafunzi huusoma baada ya mlango wa dhamana na ushirika, akahifadhi kwamba wakala ni akdi isiyofunga, kisha akafunga kitabu. Siku akiulizwa na mtu mwenye shida ya kweli, "Sheikh, nimemuweka wakili, na sasa nataka kumtoa, je nina haki? Na ujira wake vipi?" hujikuta hana la kusema zaidi ya ile ibara aliyoihifadhi.

Nimechagua kuueleza mlango huu kwa mfano ulio hai, nao ni mfano wa askari wa zamani wa Marekani, wale waitwao maveterani, anayedai fidia ya ulemavu alioupata katika utumishi, akamuweka wakili katika rufaa yake, kisha rufaa ikatolewa uamuzi. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, sheria ya nchi hiyo katika jambo hili imeandikwa kwa upambanuzi, na mwenye kuisoma huku amefungua kitabu cha fiqhi ataona masuala yale yale waliyoyajadili wanavyuoni wetu. Pili, wapo Waislamu waliotumikia jeshi hilo, na wapo waliohamia huko kutoka nchi zetu wakajiunga nalo, kwani sheria ya huko humruhusu mkazi wa kudumu kujiunga hata kabla ya kupata uraia. Hukumu ya utumishi huo si maudhui yetu leo. Maudhui yetu ni haki ya mtu na amana ya wakili wake.

MASUALA YENYEWE

Kama ilivyo ada ya vitabu vyetu, tumwite mwenye haki Zaydi, na wakili wake tumwite Amri.

Zaydi ana maradhi mawili: masikio na mgongo. Alipeleka dai akakataliwa yote mawili. Akamuweka Amri, wakaandikiana kwamba Amri atapata asilimia 20 ya malimbikizo iwapo watashinda. Rufaa ikafika juu, ukatoka uamuzi: masikio amepewa, mgongo amekataliwa. Amri akapokea ujira wake, akaliweka jalada kabatini. Zaydi akakaa kimya akiamini kwamba Amri bado anaupigania mgongo. Amri naye akaamini kwamba kazi yake imekwisha. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Muda wa kukata rufaa ukapita.

Sura ya pili ni kinyume chake. Zaydi anahisi kwamba ushindi u karibu. Anasema moyoni: "Nikimtoa Amri leo, kesho uamuzi ukitoka sitamlipa kitu." Anaandika barua ya kumuuzulu.

Katika sura ya kwanza amedhulumika Zaydi, na katika ya pili anataka kudhulumiwa Amri. Dawa ya yote mawili ni kuyatenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: mamlaka ya wakili, ujira wake, na muda wa kesi. La kwanza hukoma kwa neno. La pili halikomi kwa neno. La tatu haliwasubiri wote wawili.

WAKALA NA KUUZULU KATIKA FIQHI

Wakala ni mtu kumkabidhi mwenzake jambo lake linalokubali kufanywa kwa niaba, alifanye angali yeye hai. Wanavyuoni wametoa dalili ya kuswihi kwake katika kisa cha Watu wa Pangoni, walipomtuma mmoja wao mjini na fedha yao awatafutie chakula, nacho kimo katika Suratul Kahf, aya ya 19. Wametoa dalili pia katika habari ya Urwa Al-Bariqi (R.A.), ambaye Mtume (S.A.W.) alimpa dinari amnunulie kondoo, akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari. Ama wakala katika mashitaka hasa, imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa akimuwakilisha ndugu yake Aqil katika magomvi, na baadaye Abdullah bin Jaafar.

Neno letu la Kiswahili "kuuzulu" asili yake ni lile lile "azl" la Kiarabu linalotumika katika mlango huu. Tunaposema fulani amejiuzulu au ameuzuliwa, tunasema lugha ya mafakihi bila ya kujua.

Kwa Mashafi, wakala ni akdi jaizi, yaani haimfungi yeyote kati ya wawili hao. Mwenye haki anaweza kumuuzulu wakili wakati wowote, na wakili anaweza kujiuzulu. Wala hapana shaka kwamba wakala hukoma pia kwa kifo cha mmoja wao au kwa kuondokwa na akili. Lakini wanavyuoni wamekhitilafiana katika mambo mawili yenye uzito.

La kwanza: je, uzulu unapita kabla wakili hajajua? Rai sahihi zaidi kwa Mashafi ni kwamba unapita pale pale, hata kama wakili yuko safarini na hana habari. Mahanafi wamesema haupiti mpaka habari imfikie, kwa sababu huenda akafanya jambo kwa nia njema, kisha likageuka kuwa dhara juu yake.

La pili: je, mashitaka ni kama mauzo? Wamaliki wamesema hapana. Wakili akishakaa na hasimu mbele ya kadhi vikao kama vitatu, mwenye haki hana ruhusa ya kumtoa ila kwa udhuru, wala wakili hana ruhusa ya kujitoa ila kwa udhuru. Hekima yake iko wazi: kesi iliyofika katikati ikibadilishwa mikono ovyo, hasimu huchoshwa, kadhi huchoshwa, na haki hupotea njiani. Na Khatib Shirbini katika Mughnil Muhtaj ametaja kwamba wakili akijua kuwa kujiuzulu kwake wakati mwenye mali hayupo kutamfanya dhalimu aichukue mali hiyo, basi ni haramu kwake kujiuzulu, kama ilivyo kwa wasii.

Iweke akilini rai ya Wamaliki na kauli hii ya Shirbini, kwani tutaikuta maana yake huko mbele.

HISTORIA FUPI YA WAKILI WA MVETERANI

Huko Marekani kwa zaidi ya karne moja mveterani hakuwa na wakili wa maana, si kwa kuwa sheria ilimkataza kumuweka, bali kwa kuwa ilimkataza kumlipa. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1862, Bunge liliweka ukomo wa dola 5 kwa mtu anayemsaidia askari kudai pensheni. Mwaka 1864 ukomo ukapandishwa ukawa dola 10. Nia ilikuwa njema, kuwakinga askari na walanguzi wa madai. Lakini zile dola 10 zilibaki dola 10 mpaka mwaka 1988, na mwaka 1985 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliulizwa ikasema ukomo huo haupingani na katiba. Ni wakili gani atakayesoma jalada la kurasa elfu kwa dola 10?

Sheria ya mwaka 1988 ilibadili mambo mawili kwa pamoja. Iliunda mahakama ya kusikiliza rufaa za maveterani, jambo ambalo halikuwepo, kwani kabla yake maamuzi ya idara yalikuwa hayapelekwi mahakamani. Na iliruhusu wakili kulipwa, lakini baada tu ya uamuzi wa mwisho wa Baraza la Rufaa. Sheria ya mwaka 2006 ikausogeza mlango huo nyuma kidogo, na ile ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika tarehe 19 Februari 2019, ikaruhusu malipo tangu idara inapotoa uamuzi wake wa kwanza. Lakini mpaka leo hairuhusiwi kwa mtu yeyote kutoza ujira kwa kuandaa dai la mwanzo kabisa.

Na mpaka leo, anayetaka kumwakilisha mveterani mbele ya idara lazima awe na kibali cha idara yenyewe, awe wakili wa sheria au mtu mwingine. Sambamba na hao yapo mashirika ya maveterani, kama American Legion na Disabled American Veterans, ambayo wawakilishi wao hufanya kazi hii bila ya malipo.

NYUMBA MOJA, MILANGO MIWILI

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Dai la mveterani hupita katika ngazi hizi: ofisi ya Idara ya Maveterani inayotoa uamuzi wa kwanza, kisha Baraza la Rufaa za Maveterani, lililoundwa mwaka 1933, nalo ni sehemu ya idara hiyo hiyo, kisha Mahakama ya Rufaa za Madai ya Maveterani, ambayo ni mahakama huru, kisha Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho.

Ofisi na Baraza ni mlango mmoja. Hapo wakili hutambuliwa kwa hati ya uwakilishi, fomu namba 21-22a kwa wakili binafsi, au fomu namba 21-22 kwa shirika. Mahakama ni mlango mwingine. Hapo ile fomu haitoshi. Wakili hujiandikisha mbele ya Mahakama kwamba yeye ndiye anayesimama katika kesi hiyo.

Kwa hiyo uwakilishi ni wa aina mbili, na mmoja hauuvuti mwingine. Wakili aliyesimama mahakamani si lazima awe ana hati mbele ya idara. Mikataba mingi ya mahakamani huandikwa kwa kesi ya mahakamani peke yake. Mahakama ikilirudisha jalada kwa Baraza lisikilizwe upya, jambo ambalo hutokea mara nyingi, mveterani anaweza kujikuta ameshinda huko juu na hana mtu huku chini. Kadhalika kinyume chake: kesi ya mahakamani ikimalizika, ile hati ya idara haifutiki kwa sababu hiyo. Wakili ambaye mveterani amekwisha msahau anaweza kuwa bado ndiye anayepelekewa nakala za barua zake.

Mafakihi wetu walikuwa makini katika hili. Walisema wakala ni kwa kadiri ya tamko lake: aliyewakilishwa kuuza si lazima awe amewakilishwa kupokea thamani, na aliyewakilishwa katika jambo moja hana mamlaka katika la pili. Basi swali la kwanza la mwenye kutaka kumuuzulu wakili wake liwe hili: nilimwakilisha wapi, na katika nini?

NANI AWEZA KUKATISHA, NA LINI

Sheria ya idara inasema mveterani anaweza kuifuta hati ya uwakilishi wakati wowote, na kumwondoa wakili wakati wowote. Hahitaji kutoa sababu wala kuomba ruhusa ya wakili. Hii ndiyo ile akdi jaizi. Tena akisaini hati mpya kwa wakili mwingine na ikafika idarani, hati hiyo peke yake huifuta ile ya zamani, isipokuwa kama yeye mwenyewe ameeleza vinginevyo, kwa sababu katika dai moja hutambuliwa mwakilishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Wakili aliyechukua dai moja mahsusi huifuta hati ya jumla ya mwenziwe katika dai hilo tu, na mengine hubaki kama yalivyokuwa.

Lini uzulu huo unapita? Kwa idara, unapita inapoupokea. Kabla ya hapo idara haijui ila wakili wa zamani. Kwa hiyo mveterani aliyemwambia wakili wake kwa simu kwamba "tumeachana" na asiiandikie idara, mbele ya idara hajafanya kitu. Hii ni sura ya tatu pembeni ya zile rai mbili za Mashafi na Mahanafi: kinachoangaliwa si neno la mwenye haki peke yake wala ujuzi wa wakili, bali ujuzi wa yule mwenye kuhukumu.

Ama wakili, uhuru wake si kama wa mveterani. Mbele ya idara anaweza kujitoa ikiwa kujitoa kwake hakutamdhuru mteja. Ikiwa kutamdhuru, basi awe na sababu njema, kama vile mteja kushikilia jambo la udanganyifu, au kutotimiza wajibu wake. Lazima aandike, na arudishe nyaraka. Dai likishafika mbele ya Baraza, sharti la sababu njema hukazwa zaidi. Mahakamani, anayetaka kujitoa huomba kwa Mahakama.

Je, huoni hapa maana ile ile ya Wamaliki na ya Shirbini? Tofauti ni kwamba Wamaliki wamemfunga wakili na mwenye haki kwa pamoja, na sheria hii imemfunga wakili ikamwacha mveterani huru, kwa kumuona kuwa ndiye mnyonge kati ya wawili.

Na ile sababu ya udanganyifu inatukumbusha jambo kubwa zaidi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 105, Mwenyezi Mungu anamkataza Mtume wake kuwa mtetezi wa makhaini. Wakili Mwislamu akigundua kwamba mteja wake anadai maradhi asiyokuwa nayo, kuuzulu hapo si ruhusa tu, bali ni wajibu.

UJIRA WA ALIYEUZULIWA

Tuje kwa lile linalozusha ugomvi. Ujira wa asilimia 20 ya malimbikizo hudhaniwa na sheria kuwa ni wa haki, lakini kwa sharti: uwakilishi uwe umeendelea mpaka siku ya uamuzi uliotoa haki hiyo. Ujira unaozidi asilimia 33 na theluthi moja hudhaniwa kuwa si wa haki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na idara haitamlipa wakili moja kwa moja kutoka katika malimbikizo ila kama ujira hauzidi asilimia 20 na umefungwa na sharti la kushinda.

Kwa mfano, Zaydi ametolewa malimbikizo ya dola 24,000. Asilimia 20 ni dola 4,800, ambazo idara humkatia Amri. Zaydi hupata dola 19,200. Idara nayo hukata gharama ya kazi hiyo kutoka katika fungu la Amri, asilimia 5 ya ujira, lakini isizidi dola 100. Asilimia 5 ya 4,800 ni 240, kwa hiyo Amri atakatwa dola 100 tu.

Sasa, Zaydi akimuuzulu Amri kabla ya uamuzi, je, amejiokoa na dola 4,800? Jibu ni hapana, na pia si lazima azilipe zote. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliamua mwaka 2002 kwamba wakili aliyeondolewa kabla ya kesi kwisha hastahiki asilimia 20 kwa sababu tu mkataba umesema hivyo. Anastahiki kiasi kinacholingana na mchango wake katika kuipata haki hiyo. Katika kukadiria huangaliwa kazi aliyoifanya, ugumu wa jambo, muda alioutumia, matokeo, ngazi ya rufaa, na pia sababu iliyomfanya aondolewe au ajitoe. Na akija wakili wa pili, jumla ya kinachokatwa na idara kwa ajili ya mawakili haizidi ile asilimia 20. Malimbikizo hayakatwi mara mbili.

Ndugu msomaji, fungua Minhaj ya Imamu Nawawi katika mlango wa jua'la, yaani zawadi iliyoahidiwa kwa mwenye kufanikisha kazi. Utakuta kwamba mtenda kazi akivunja mwenyewe baada ya kuanza, hana kitu. Mwenye mali akivunja baada ya mtenda kazi kuanza, katika rai sahihi zaidi inamlazimu ujratul mithli, yaani ujira wa kazi kama ile kwa mtu kama yule. Imamu Nawawi alifariki mwaka 676 Hijria. Majaji wa mwaka 2002 hawakumsoma, lakini uadilifu umewapeleka karibu na pale pale.

Yapo masuala mengine ndani yake: je, yaswihi ujira kuwa sehemu ya kitu kisichojulikana kiasi chake? Kwa Mashafi ujira wa jua'la lazima ujulikane, ukiwa majhuli akdi hufisidika na hulipwa ujratul mithli. Mahambali wana upana hapa, wameruhusu kama mtu kusema, "atakayenipatia deni langu, theluthi yake ni yake." Mwenye kuulizwa na alitazame hilo kabla mkataba haujasainiwa, si baada.

Ama kesi ya mahakamani, mara nyingi wakili hulipwa na serikali yenyewe pale inaposhindwa na msimamo wake usiwe na msingi wa kutosha. Ombi la malipo hayo hupelekwa ndani ya siku 30 baada ya hukumu kuwa ya mwisho. Wakili akilipwa mara mbili kwa kazi ile ile, na serikali na pia kutoka katika malimbikizo, lazima amrudishie mteja kile kilicho kidogo. Mveterani alijue hili na aliulize.

Na anayeona ametozwa ujira usio wa haki ana njia. Anaweza kupeleka ombi kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa idara, ndani ya siku 120 tangu hatua ya mwisho ya idara, ujira huo utazamwe upya. Hiyo ndiyo njia ya mtu mwenye dhulumu ya kweli. Kumtoa wakili usiku wa kuamkia ushindi si njia.

MUDA HAUMSUBIRI MTU

Haya yote yana marejeo, ila muda. Uamuzi wa ofisi ukitoka, mveterani ana mwaka mmoja kuchagua njia yake: kuomba mapitio ya afisa wa juu, kupeleka dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, au kwenda Baraza. Uamuzi wa Baraza ukitoka, ana siku 120 kwenda mahakamani, au anaweza kupeleka dai la nyongeza. Kutoka Mahakama hiyo kwenda Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ni siku 60.

Dai la nyongeza likipelekwa ndani ya mwaka mmoja, ile tarehe ya zamani ambayo malimbikizo huhesabiwa kuanzia hapo huhifadhika. Likichelewa, mlango haufungwi, lakini hesabu huanza upya kwa kawaida tangu siku ya dai jipya. Miaka mitano ya malimbikizo inaweza kupotea kwa kuchelewa wiki moja. Na hakuna muda hata mmoja kati ya hii unaosimama eti kwa sababu mveterani yuko baina ya wakili na wakili.

Kifo nacho kina muda wake. Mveterani akifa na dai halijaamuliwa, mjane wake au mwingine anayestahiki kwa sheria hiyo anaweza kuomba kusimama mahali pake ndani ya mwaka mmoja. Asidhani kwamba wakili wa marehemu atalifanya hilo bila ya kuambiwa.

NAMNA YA KUKATISHA KWA UZURI

Kwa mwenye kuulizwa, nampangia hivi:

Kwanza, usome uamuzi wote kabla ya kusoma mkataba. Katika kila maradhi jiulize: limekubaliwa, limekataliwa, au limerudishwa? Kila lililokataliwa liandikie tarehe ya mwisho.

Pili, usome mkataba. Unasema kazi inaishia wapi? Ni ya mahakamani tu, au na ya idara pia?

Tatu, umuulize wakili kwa maandishi: "Je, bado wewe ni wakili wangu, na katika jambo gani?" Swali hili moja lingemuokoa Zaydi na mgongo wake.

Nne, ukiamua kumuuzulu, andika barua iliyo wazi yenye jina, namba ya jalada, tarehe na saini. Moja kwa wakili, moja kwa idara. Ikiwa kesi iko mahakamani, Mahakama nayo ijulishwe. Weka nakala na uthibitisho wa kupokelewa.

Tano, omba nyaraka zako zote, na barua mpya kutoka idara zije kwenye anwani yako ya sasa.

Sita, kama inawezekana, usimtoe wa kwanza kabla hujampata wa pili, hasa kama tarehe iko karibu. Kama huna uwezo, mashirika ya maveterani hayatozi.

Saba, usimtoe mtu kwa ajili ya kukwepa jasho lake.

KHITIMISHO

Turudi kwa Zaydi na Amri. Katika sura ya kwanza, Amri alikuwa na amana ya kumwandikia Zaydi maneno machache: kazi yangu imeishia hapa, mgongo umekataliwa, na siku ya mwisho ni fulani. Kunyamaza kwake hakukuvunja akdi, lakini kumevunja amana. Zaydi naye alikuwa na wajibu wa kuuliza. Asikate tamaa, apeleke dai la nyongeza haraka, kwani kilichopotea ni tarehe, haki yenyewe haijapotea.

Katika sura ya pili, uzulu wa Zaydi unaswihi. Amri si wakili wake tena. Lakini ujira wa kazi ya Amri uko shingoni mwa Zaydi kwa sheria ya nchi ile na kwa fiqhi yetu pia. Aliyeondoa mamlaka hakuondoa deni.

Maimamu wetu waliopo huko, msimjibu anayewaendea na barua ya idara kwa kumwambia tu kwamba wakala ni akdi jaizi. Mwambieni akae, mfungue barua pamoja, na jambo la kwanza mtakalolitafuta liwe ni tarehe.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.